Jina la Baba

Kaka yake Fundi alikuwa na jina ambalo ukiliita sokoni wanageuka wanaume kumi, na wa kumi na moja anaitikia kutoka chooni. Jina la baba yake nalo lilikuwa hivyo hivyo, na la babu pia. Utadhani wazee wa zamani walikuwa na kapu moja tu la majina, wakawa wanachota kwa zamu. Ni jina zuri, halijamkosea mtu. Ubaya wake ni mmoja tu: mwenye jina hilo akipotea, kumtafuta ni sawa na kuambiwa uitoe punje moja ya mchele kwenye gunia, na iwe ile ile.

Na kaka yake alipotea. Aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa kwenda kufanya kazi kwenye mradi wa bwawa, mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani. Aliandika barua mbili. Ya tatu haikuja. Ilipita miaka arobaini na moja. Fundi akafungua kibanda chake cha kushona chenye mlango wa bluu, akaolewa, akaachika, akaota mvi, na barua ya tatu haikuja.

Mama yao alikataa kulia. Majirani walimwendea mwaka wa pili, wa tano, wa kumi, wakamwambia akae msiba ili moyo upoe. Aliwauliza swali moja: "Kaburi lake mmeliona?" Wakinyamaza, aliwaonyesha mlango. Akiulizwa ana watoto wangapi alisema wawili, na ole wako umtazame Fundi kana kwamba unahesabu.

Sasa mama alikuwa na miaka themanini na ushei. Miguu imevimba, moyo umechoka, kutwa kucha amekaa kitandani na kimto chake cha kijivu mgongoni. Daktari alimvuta Fundi koridoni akamwambia yale ambayo madaktari husemea koridoni. Fundi aliporudi ndani, mama alimwangalia mara moja tu akacheka.

"Usijisumbue kunificha. Uso wako tangu utotoni haujui kutunza siri. Nasafiri, sawa, sina ugomvi. Ila nataka nijue jambo moja kabla sijaondoka."

"Jambo gani, mama?"

"Kaka yako. Huko ninakokwenda namkuta, au namwacha huku?"

Fundi alimwekea vizuri kimto mgongoni. Alhamisi iliyofuata alifunga kibanda, akatundika kibao cha "Narudi", akaenda maktaba kuu.

Magazeti ya zamani yalikuwa chini, yamejalidiwa mwaka kwa mwaka, mazito kama matofali. Dada wa magazeti alimfungulia ya miaka ile, naye akasoma matangazo ya vifo hadi macho yakamtoka machozi ya vumbi. Alipata watu watatu wenye jina la kaka yake. Wote walikuwa wazee wenye wajukuu. Dada wa magazeti akamwonea huruma, akamwelekeza ngazi. "Panda juu kwenye nyaraka, umwulizie Bwana Faharasa. Kama jina liliwahi kuandikwa na serikali, yeye analo."

Bwana Faharasa alikuwa mzee mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja utosini. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya zile kadi za faharasa, maelfu ya kadi ndogo ndani ya madroo ya mbao, kila moja ikitaja mtu na jalada lake liko rafu gani. Aliwajua watu waliokufa zamani kuliko alivyowajua majirani zake, na hakuona aibu kusema hivyo. Alimpa Fundi karatasi ya maombi na penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi kupita mlango ule. Fundi akajaza jina, jina la baba, jina la babu. Bwana Faharasa aliisoma karatasi akashusha pumzi.

"Dada yangu, hili jina lina droo lake peke yake."

"Wako wangapi?"

"Waliofanya kazi kwenye mabwawa, reli na barabara tu, mia mbili themanini na sita. Tuliwapa namba ili wasigombane."

Akamweleza sheria yake. Droo hagusi mtu ila yeye. Yeye atasoma kadi, Fundi ataandika. Jina la baba likifanana na la kwenye karatasi, jalada linatolewa. Lisipofanana, kadi inawekwa kando bila kusoma zaidi. "Ukianza kuzihurumia kadi, hutoki humu. Mimi nilizihurumia, nimo mpaka leo."

Fundi hakuwa na daftari jingine, akatoa lile la vipimo vya wateja. Palipoandikwa kifua, kiuno na mkono akaanza kuandika wajina wa kaka yake. Siku hiyo ya kwanza walisoma thelathini. Bwana Faharasa alitaja namba, akatupia jicho kwenye karatasi, akasema "baba siye," na Fundi akaandika hivyo hivyo. Wa kumi na tano, baba siye. Wa kumi na sita, baba siye. Wa kumi na saba, baba siye. Kazi ilikwenda haraka kama kupima watoto wa shule sare.

Alhamisi zikafuatana. Waliofanana jina la baba walikuwa wengi, na hao kila mmoja jalada lake lilifunguliwa, kwa hiyo Fundi akajikuta anawafahamu watu asiowahi kuwaona. Wa Tisini alikuwa mpishi, alifukuzwa mara tatu na kurudishwa mara nne, hesabu ambayo Bwana Faharasa aliifurahia hata akairudia kila wiki. Wa Mia na Sita alikufa kwa homa na hakuwa na mtu wa kuandikiwa. Huyo Fundi alimlilia kidogo dirishani, kisha akajifanya ana mafua.

Kichekesho cha wote kilikuwa Wa Mia na Arobaini. Huyu aliomba ruhusa ya kwenda kumzika mama yake mara tatu katika miaka miwili. Karani wa enzi hizo alipandwa na hasira, akaandika kwa wino mwekundu: "Mtumishi huyu ni mwongo. Mtu hazaliwi na mama watatu."

Fundi alicheka mpaka Bwana Faharasa akaweka kidole mdomoni.

"Lakini huyo karani naye!" alisema Fundi akijifuta macho. "Si mama mzazi, na mama mkubwa, na mama mdogo? Alitaka awaiteje? Shangazi?"

"Karani alitoka mbali, na mama alikuwa na mmoja."

"Basi pole yake," akasema Fundi, na wakaendelea na Wa Mia na Arobaini na Moja. Walicheka wote wawili, na hakuna aliyejua wanamcheka nani.

Alhamisi ya kumi na nne, kabla ya adhuhuri, droo likaisha. Wa mwisho naye alikuwa baba siye. Bwana Faharasa alilisukuma droo polepole likajifunga. Nyumbani mama alikuwa ameacha kula, anakunywa tu, na kila Alhamisi Fundi akirudi aliuliza kwa macho bila kutumia mdomo. Fundi alifikiria macho yale akaona hawezi kuinuka kwenye kile kiti.

"Pole sana, dada. Ndio hao. Kuna watu hawakuandikwa, na kuna karatasi zilizoliwa na mchwa."

"Nitamwambia nini?"

  Bwana Faharasa akagusa kiwiko cha koti lake, pale Fundi alipomshonea wiki iliyopita, wakati wa mapumziko ya mchana, bila kuombwa. Alipapasa akakosa mahali palipokuwa pamechanika.

"Huu mkono, dada, ulifundishwa na nani?"

"Baba. Alikuwa fundi. Alinikalisha kwenye cherehani yake nina miaka kumi na miwili, miguu haifiki chini."

Bwana Faharasa alikuwa mtu wa kadi, na mtu wa kadi jambo lisilolingana humkera kama mchanga kwenye wali. Aliinua kichwa.

"Baba yupi? Uliniambia baba yenu alifariki wewe hujaanza kutembea."

"Huyo aliyenizaa. Ninayemsema ni baba mkubwa, kaka yake. Ndiye aliyetulea. Sisi tulimwita baba, tungemwitaje?"

Alipolisema ndipo akalisikia. Bwana Faharasa alishusha miwani ya utosini akaipandisha juu ya ile ya machoni, bila kujua anachofanya.

"Na kaka yako?"

"Kaka naye. Wote."

"Sasa karani wa bwawani alipomuuliza, jina la baba..."

Fundi alikuwa tayari anafunua daftari la vipimo. Kwenye ile karatasi ya maombi yeye, mtu mzima mwenye akili zake, alikuwa ameandika jina la marehemu aliyemzaa, kwa sababu fomu ni fomu na kwenye fomu mtu anaandika ukweli. Kaka yake alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Aliulizwa jina la baba, akamtaja baba.

Fundi akalitaja jina la baba mkubwa, Bwana Faharasa akafungua droo upya: ilikuwa namba kumi na saba. Ilikuwa mikononi mwao tangu siku ya kwanza. Jina la kaka, jina la baba mkubwa, na la tatu, ambalo hawakulifikia kwa sababu ya sheria, lilikuwa la babu. Bwana Faharasa alikwenda kulileta jalada mwenyewe, na aliporudi hakumsomea. Alilifungua, akaligeuza limwelekee Fundi, kisha akaenda kusimama dirishani.

Lilikuwa na karatasi nne tu. Kifusi kiliporomoka kwenye handaki, mwezi wa nane, mwaka ule ule aliokwenda. Alizikwa kwenye makaburi ya mradi, safu ya tatu, kaburi la kumi na moja. Familia ilipelekewa taarifa kwa barua. Karatasi ya nne ilikuwa orodha ya vitu vya marehemu: suruali mbili, viatu jozi moja, kioo cha kunyolea, koti moja la kijivu, mfuko wa kushoto umechanika. Chini yake: "Vimepokelewa na baba wa marehemu." Na sahihi.

Sahihi hiyo Fundi aliijua. Ilikuwa herufi moja na mkia mrefu kama uzi uliosahauliwa kukatwa. Ndiyo iliyokuwa chini ya ripoti zake zote za shule.

Koti nalo alilijua. Baba mkubwa alirudi nalo mwaka ule kutoka safari aliyosema ni ya kutafuta vitambaa. Akasema amelipata mtumbani. Mfuko wa kushoto ulikuwa umechanika, akamwambia Fundi aushone, yeye macho yamechoka. Fundi alikuwa na miaka kumi na mitano. Uzi wa kijivu ulikuwa umeisha, akatumia wa bluu, akijua atagombezwa. Baba mkubwa alikaa pembeni ya cherehani anaangalia sindano inavyopanda na kushuka, machozi yanamtoka, akasema ni moshi wa jikoni. Uzi wa bluu hakuusemea neno. Kwa miaka mingi Fundi aliwasimulia wateja kisa hicho kuwachekesha: siku fundi mkali kuliko wote alipoona uzi wa rangi nyingine akalia.

Mikono yake ilikuwa imelishika koti la kaka yake, ikalishona, isijue.

Alijua pia kwa nini. Mama alikuwa amekataa kaka asiende. Baba mkubwa ndiye aliyesema mtoto wa kiume hafugwi ndani kama kuku, akamfungia mzigo, akamsindikiza mwenyewe. Barua ya mradi ikaandikwa jina lake, ikamfikia mkononi, naye akaiweka mahali asipoweka mtu mwingine mkono. Siku moja ya kunyamaza ikawa wiki, wiki ikawa miaka thelathini, mpaka akafa nayo.

Njia nzima ya kurudi, Fundi alitunga uongo. Ulikuwa uongo safi, mshono hauonekani: vitu viligawiwa wenzake, barua ilipotea posta. Baba mkubwa alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja iliyopita, mama alimlilia, kwa nini amfukue? Alifika nyumbani alasiri akiwa ameuweka tayari mdomoni.

Mama alimwangalia usoni.

"Umemwona."

"Nimemwona, mama." Akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza kifusi, akamweleza mwezi, akamweleza makaburi.

"Safu ya tatu," mama alirudia. "La kumi na moja. Safu ya tatu, la kumi na moja." Aliyasema taratibu kama anayeagizwa dukani na hataki kusahau. "Nguo zake je? Mwanangu alikuwa na nguo. Nani alizichukua?"

Hapo ndipo uongo wote ulipokatika.

"Baba," alisema Fundi.

Nyumba ile ilikuwa na baba mmoja tu. Mama hakuuliza yupi. Alifumba macho, na Fundi akaogopa, akamshika mkono, mkono ukamfinya.

"Alipokuwa anaumwa," mama alisema, "aliniita. Akaniambia, shemeji, naomba radhi. Nikamtania, nikamwambia radhi ya nini, ya kunimalizia sukari miaka yote hii? Hakucheka. Akasema, wewe nipe tu. Basi nikampa. Nikamwambia nimekuwia radhi, ya duniani na ya ahera."

"Ulikuwa hujui, mama. Radhi ya namna hiyo si radhi."

"Ni radhi. Neno likishatoka halirudi." Sauti ilipanda, ya kale, ile iliyokuwa ikiwaonyesha majirani mlango. "Miaka thelathini! Ananiona natazama njia! Mbwa akibweka naamka, na yeye yupo pale anakunywa chai yangu! Na mimi nimemsamehe. Nimesamehe jambo lisilosameheka, kwa sababu ya sukari."

Alihema. Fundi alimpa maji, hakuyataka.

"Kumbe namkuta," alisema baadaye, kwa upole. "Nawakuta wote wawili. Huyu nitamkumbatia. Yule sijui nitamwambia nini."

Fundi hakutaka kusema lililobaki, lakini hakuweza tena kuwa mtu wa pili wa kunyamaza katika nyumba ile.

"Mama, lile koti lake la kijivu. Baba alipokufa halikupata mtu. Mimi nililikata."

Mama alielewa kabla hajamaliza. Alipeleka mkono nyuma ya mgongo wake, akakitoa kile kimto, akakiweka mapajani. Fundi alichukua mkasi mdogo akaanza kufumua. Alikata uzi baada ya uzi, pamba ikamwagika kitandani, kisha akakigeuza kitambaa nje ndani. Pale ulikuwepo mfuko, umekunjwa kwa ndani jinsi alivyoukunja mwenyewe, na mshono wa bluu wa msichana wa miaka kumi na mitano, umepinda kidogo.

Mama aliingiza mkono mfukoni. Uliingia wote mpaka kwenye kifundo, akauacha humo.

Kisha akalia. Aliliita jina la mwanawe kwa sauti ambayo Fundi hakujua kama kifua kile bado kinayo, akaliita tena, na tena, miaka arobaini na moja ikatoka kwa mkupuo, ikatoka dirishani, ikafika barabarani.

Huko nje mtu akaitikia. "Naam, mama!"

Fundi alitoka mbio. Majirani walikuwa wameanza kujaa uani wakiulizana nani amefariki, na mbele yao alisimama mwanaume wa makamo asiyemfahamu, ameshika baiskeli, anatazama huku na huku.

"Samahani, nilikuwa napita tu," alisema. "Nimesikia naitwa."

Fundi alimtazama. Alikuwa amewakataa wenye jina hilo mia mbili themanini na tano, na kukataa hakujawahi kuwa kuzito hivi.

"Si wewe, kaka," alisema. "Ni mwingine. Tumefiwa."

Yule mtu akavua kofia. Akaegemeza baiskeli yake ukutani, akasema pole, akatafuta mahali uani akakaa na wafiwa.